Fundi Umeme Anajibu: Acha Paipu Tupu Ukutani

Barua za mwezi huu zimekuja na swali moja lenye sura nyingi: nyaya za nyumba yangu zitafaa miaka ijayo? Nimechagua sita. Nimezijibu hapa Moshi, kwenye kibanda changu karibu na soko la Mbuyuni, nyingine usiku baada ya kazi. Mnivumilie nitakaporefusha.

Boma limefika kwenye plasta

*Shikamoo fundi. Nina boma la vyumba vitatu Olasiti, Arusha. Nimeshapaua, na baada ya wiki mbili napiga plasta. Fundi wangu wa umeme amenipa hesabu ya saketi mbili, moja ya taa na moja ya soketi zote. Mdogo wangu aliye Dar anasema nyumba za sasa taa zinawashwa kwa simu, nisipoweka leo nitabomoa kesho. Hela iliyobaki ni ndogo. Nimsikilize nani? – Mjenzi, Olasiti*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika kwenye paa. Mdogo wako yuko sahihi kuhusu kubomoa, ila amekosea kitu cha kuweka. Mwezi huu usinunue hata swichi moja ya kuwashwa kwa simu. Swichi inakaa juu ya ukuta: bisibisi moja, robo saa, umeitoa na kuweka nyingine. Kinachofukiwa chini ya plasta ndicho utakachoishi nacho, na hela yako ndogo yote iende huko.

Hiyo hesabu ya saketi mbili ni ya nyumba nilizokuwa nafunga nilipotoka VETA Moshi mwaka 1996. Nyumba ya kawaida wakati ule ilikuwa na taa, redio na pasi, na friji kwa mwenye uwezo. Taa ndizo zilizokula umeme, balbu ya uzi ya wati 60 kila chumba. Leo balbu ya LED ya wati 9 inakupa karibu mwanga uleule. Taa zako kumi zikiwaka zote ni wati 90, haifiki hata nusu ampia. Mzigo umeshuka kutoka darini, umeingia jikoni na bafuni.

Baridi ya Arusha mwezi wa saba unaijua mwenyewe. Utaweka shawa ya umeme. Usipoweka mwaka huu, utaweka mwaka utakaopata mtoto. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta ampia 24 peke yake. Waya wa mbili nukta tano, yaani wa milimita za mraba 2.5, ukiwa ndani ya paipu unakuwa ukingoni kabisa hata kama hauna kazi nyingine, na fundi wako anataka waya huohuo ubebe na friji, pasi na jagi la kuchemshia maji. Shawa ipate waya wake wa milimita za mraba 6 na breka yake ya ampia 32. Jikoni kuwe na saketi yake. Pampu ya maji, kama utakuwa na kisima au simtanki, nayo iwe na yake. Taa zake, soketi za vyumbani zake, za sebuleni zake. Kwa nyumba ya vyumba vitatu sioni namna ya kushuka chini ya saketi sita, na bodi nunua yenye nafasi kumi na mbili. Nafasi zinazobaki zitakuwa na kazi.

Sasa paipu, na hapa naomba unisikilize kuliko popote. Mwambie fundi njia kuu aziwekee paipu za milimita 25 badala ya 20, kisha aongeze nne ambazo hazina waya ndani. Ya kwanza itoke kwenye bodi ipande hadi chini ya bati, kwa ajili ya sola. Ya pili itoke kwenye bodi hadi pale utakapoegesha chombo, kwa sababu pikipiki na magari ya betri yameshaanza kuonekana kwetu, na hiyo paipu utaihitaji kabla watoto wako hawajamaliza shule. Ya tatu iende jikoni. Ya nne itoke sebuleni hadi darini, ya waya wa intaneti na wa kamera, na hiyo asiichanganye na za umeme. Ndani ya kila moja apitishe uzi wa nailoni na kuuacha unaning'inia pande zote mbili, halafu azibe midomo kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nyigu wakikuta paipu wazi wanaijaza udongo, na siku ya kuvuta waya utadhani mtu amemwaga zege mle ndani. Gharama ya paipu hizo nne ni ndogo kuliko gharama ya siku moja ya fundi wa tindo akichimba ukuta uliopakwa rangi. Nimewahi kuchimba kuta za namna hiyo mama mwenye nyumba akiwa amesimama nyuma yangu analia, vumbi likitua kwenye makochi yake mapya.

Kuhusu swichi za simu, andaa kitu kimoja tu: kila kisanduku cha swichi kiwe na waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme. Swichi ya kawaida haiuhitaji, kwani inapokea waya moto na kuupeleka kwenye balbu, basi. Swichi ya simu ina kompyuta ndogo ndani ambayo inakula umeme hata taa ikiwa imezimwa, na isipopata nyutro inajiibia kupitia kwenye balbu yenyewe. Ndiyo maana kuna nyumba LED zinapepesa usiku ilhali zimezimwa. Visanduku navyo viwe vya kina kirefu ili swichi hizo zienee.

Siku moja kabla ya plasta, zunguka na simu yako, piga picha kila ukuta na tepu ya kupimia ikiwa imesimama kutoka sakafuni. Na muulize fundi wako kuhusu leseni ya EWURA. Kama hana, tafuta aliye nayo aje akague paipu zikiwa bado zinaonekana.

Harufu ya samaki jikoni

*Fundi, habari za kazi. Wanangu wameniletea jiko la presha la umeme na jiko la sahani, nimepumzika na moshi wa kuni. Lakini soketi ya jikoni inakuwa ya moto, na siku nyingine nasikia harufu kama ya samaki wakati sijapika samaki. Nyumba ilifungwa umeme mwaka 1989. Nirudi kwenye kuni? – Mama wa Kibosho*

Shikamoo mama. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kachomoe hilo jiko, kisha uzime breka au fyuzi ya soketi. Urudi tuongee.

Hiyo harufu naijua. Desemba 2011 tulipanda nyumbani kwetu, Kibosho hukohuko, kwa Krismasi kama kawaida yetu. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa inafungwa Januari na kufunguliwa Desemba. Mwaka ule tulikuwa watu kumi na saba. Jikoni kulikuwa na soketi moja. Kwenye soketi adapta, kwenye adapta ekstensheni, na kwenye ekstensheni jagi la maji, jiko la wali na chaja za simu za watoto. Kaka alikuwa anapika ndizi na nyama ya mbuzi. Harufu ya samaki ikaja, nami nikakaa nayo karibu saa nzima nikidhani ni ya jirani, mimi niliyekuwa nimefanya kazi hii miaka kumi na tano.

Nilipovuta kabati, uso wa soketi ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Nikazima meni swichi, nikafungua. Skrubu inayobana waya moto ilikuwa imelegea hadi naizungusha kwa kidole. Waya ulikuwa mweusi urefu wa sentimita tatu, na ganda lake lilikatika vipandevipande kama ganda la yai la kuchemsha. Nyuma yake, ndani ya kisanduku, palikuwa na nyasi kavu na kinyesi cha panya. Nyasi kavu, mama, kidole kimoja kutoka kwenye moto.

Harufu ile ni ya plastiki ngumu ya soketi inapopata joto kupita kiasi, haina uhusiano na chakula. Na breka haikukatika, kwa sababu kwa upande wake hakukuwa na kosa. Jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9, breka ya ampia 20 inaona ni sawa kabisa. Ila ampia 9 hizo zikipita kwenye kiungo kilicholegea, chenye ukinzani wa nusu omu tu, zinazalisha wati 40 za joto mahali padogo kama punje ya hindi. Chukua ncha ya pasi ya kuchomelea redio, iache imewaka ndani ya ukuta wako kila unapopika maharage. Ndicho kinachotokea.

Kwa hiyo usirudi kwenye kuni. Moshi ule umewamaliza mama zetu vifua, na serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme unasafiri mamia ya kilomita kwenye nyaya zinazokaguliwa na wahandisi, halafu mita tano za mwisho unaziachia skrubu iliyokazwa mwaka 1989. Ninachoomba ni kwamba kila jiko la umeme linapoingia nyumbani kwa mtu, siku hiyohiyo aingie na fundi wa kuifungua soketi na kuiangalia.

Kwako fundi afanye hivi. Avute waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye bodi hadi jikoni, wenye breka yake, akuwekee soketi mbili imara kwenye kimo cha meza, mbali na beseni la maji. Ukuta wa zamani asiuchimbe, apitishe paipu juu ya plasta, haina aibu. Soketi nyingine zote azifungue akaze skrubu. Ekstensheni iondoke jikoni kabisa.

Na umwambie jambo la rangi. Nyumba ya 1989 ina waya mwekundu kwa moto, mweusi kwa nyutro na kijani kwa ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Nyaya za sasa ni kahawia, bluu na kijani chenye mstari wa njano. Kwenye umeme wa njia tatu, waya mweusi wa sasa ni moto, wakati wako wa zamani ni nyutro. Kijana aliyejifunza juzi anaweza kuusoma kinyume. Asiamini rangi, apime kwa mita, na pale nyaya mpya zinapokutana na za zamani aandike kwenye bodi.

Umeme usio na waya

*Fundi, hujambo. Mjukuu wangu anasema niache kuhangaika na nyaya, umeme utakuja hewani kama intaneti. Je, nisubiri? – Mzee wa Marangu*

Sijambo mzee wangu, shikamoo. Wazo hilo lina zaidi ya miaka mia. Nikola Tesla alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe karibu na New York mwaka 1901, akitarajia kurusha umeme mbali bila waya. Hela ziliisha, mnara ukavunjwa mwaka 1917. Leo simu inachajiwa juu ya kisahani bila kuchomekwa, huenda ndicho alichokiona mjukuu wako, lakini iinue simu kwa kiganja kimoja tu, chaji inakata. Intaneti inabeba habari, na habari inasikika hata ikifika ikiwa hafifu sana. Jiko haliwezi kuchemka kwa umeme hafifu. Usisubiri, mzee. Funga nyaya.

Nyaya za pili za volti 12

*Fundi, mambo vipi. Nina paneli mbili za wati 550, betri ya lithiamu na inveta. Nimesoma kwamba inveta inapoteza umeme ikigeuza DC (umeme wa betri) kuwa AC (umeme kama wa gridi), wakati taa, simu na TV ndani yake zote zinatumia DC. Nataka nivute nyaya za pili za volti 12 nyumba nzima. – Kijana wa Sombetini, Arusha*

Poa, kijana wangu. Umesoma vizuri, na swali lako limewahi kuwagawa wakubwa. Mtambo wa Thomas Edison wa mtaa wa Pearl, New York, uliowashwa mwaka 1882, ulitoa DC, na ulihudumia mitaa ya jirani tu kwa sababu umeme wa volti ndogo unachoka njiani. Shida hiyohiyo itakukuta kati ya betri yako na chumba cha mwisho.

Tupige hesabu pamoja. Chumba kiko mita 20 kutoka kwenye betri, waya ni wa mbili nukta tano. Kwenda na kurudi ni mita 40 za shaba, ukinzani wake karibu omu 0.3. Unataka wati 100. Kwa volti 12 unahitaji ampia zaidi ya 8, na njiani unapoteza volti mbili na nusu. Volti mbili na nusu kati ya kumi na mbili! Taa itafifia, TV itajizima. Kwa volti 48 unapoteza takriban 0.6. Kwa volti 230 unapoteza kama 0.13, hata mita haiishughulikii. Ulichotaka kuokoa kwenye inveta kitakuwa kimeliwa na waya.

Kwa hiyo DC iwe ya karibu na betri: kifaa cha intaneti, kamera, taa za ulinzi. Hapo utafaidi, na inveta ikizima usiku vitu hivyo vitabaki vimewaka. Vyumbani weka soketi za kawaida zenye matundu ya USB-C pembeni. Njia hiyo tangu mwaka 2021 imeruhusiwa kubeba hadi wati 240, kompyuta mpakato nyingi zinaridhika na chini ya nusu ya hizo. Naamini DC itaingia majumbani kwa mlango huo, mita mbili za mwisho, na nyaya za ukutani zitabaki za AC kwa muda mrefu.

Ukivuta DC, usitumie soketi zenye umbo la zile za volti 230. Siku moja mgeni atachomeka pasi. Wala usitumie swichi za AC kwenye DC ya paneli. Umeme wa AC wa hezi 50 unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, cheche ya swichi inapata nafasi ya kufa. DC haipiti kwenye sifuri, cheche inaweza kuendelea kuwaka hata swichi ikiwa imefunguka, hadi iyeyushe kitu.

Na inveta yako isikutane kamwe na umeme wa gridi bila swichi ya kubadilishia. Umeme ukikatika na wewe ukaurudisha kwenye laini kwa inveta yako, juu ya nguzo yupo mtoto wa mtu anayeamini laini imekufa.

Pikipiki ya betri kwenye nyumba ya kupanga

*Fundi, mimi ni dereva wa bodaboda hapa Pasua, Moshi. Nataka kuchukua pikipiki ya betri. Nimepanga chumba, LUKU tunachangia wapangaji sita. Wenzangu wanasema nitawamalizia uniti, mwenye nyumba anaogopa moto. – Dereva, Pasua*

Wenzako wana haki ya kuuliza, na jibu lipo kwa namba. Soma kibandiko cha betri. Ikiwa ni ya volti 72 na ampia-saa 40, zidisha: inabeba karibu uniti 3. Ongeza kidogo ya kupotea kwenye chaja. Ukichaji kila usiku ni zaidi ya uniti 90 kwa mwezi, na kwa LUKU ya watu sita hizo ni nyingi. Nunua mita ndogo ya pembeni, fundi aifunge kwenye waya wa soketi yako, na kila wiki mwende wote mkaisome pamoja. Nimefunga kadhaa mjini hapa, na ugomvi uliisha siku ileile.

Mwenye nyumba naye msikilize. Chaja yenyewe haitishi, nyingi hazifiki wati 1,000. Kinachotisha ni mahali. Usichaji chumbani unapolala, wala kwenye korido ambayo wapangaji wote wanapita kutoka nje, maana betri ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa ndoo ya maji, na moshi wake ni sumu. Iwe barazani chini ya bati, soketi ya nje yenye kifuniko cha mvua, waya wake peke yake kutoka kwenye bodi. Mwambie mwenye nyumba kwamba waya huo unabaki kuwa mali yake ukihama. Atakubali.

Waya wa bei nusu

*Shikamoo mwalimu. Nasoma umeme wa majumbani mwaka wa kwanza hapa Moshi. Nimenunua roli ya waya wa mbili nukta tano kwa bei nusu, lakini naona ni nyepesi. Pili, mteja wangu ananiuliza kwa nini alipie ethi na RCCB wakati breka zipo. Sikuwa na jibu. – Mwanafunzi*

Marahaba. Umeona ni nyepesi, basi mkono wako umeshaanza kuwa wa fundi. Kata kipande cha shubiri moja, menya, kikwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Uzito wa aluminiamu hauzidi theluthi moja ya uzito wa shaba, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu au zaidi, kwa hiyo waya wenye unene uleule unapata joto zaidi kwa mzigo uleule. Mbaya zaidi ni kwenye skrubu: aluminiamu inalainika ikibanwa, inashika kutu nyeupe isiyopitisha umeme, kiungo kinalegea. Marekani walifunga nyumba nyingi kwa nyaya za aluminiamu kuanzia katikati ya miaka ya 1960, wakaja kuhesabu moto uliotokana na viungo hivyo. Soma tena jibu nililompa mama wa Kibosho hapo juu, utaona mwisho wa waya huo. Usiufunge kwenye nyumba ya mtu yeyote.

Kuhusu mteja, mwambie hivi. Breka imewekwa kulinda waya. Mtu analindwa na kitu kingine.

Tuseme friji imevuja, waya moto umegusa bati lake. Ethi ipo, lakini ni kiangazi, na nyumba iko tambarare kuelekea KIA ambako udongo ni mkavu hadi unapasuka. Ukinzani wa ile fimbo ya ethi umepanda hadi omu 100. Volti 230 kwa omu 100 ni ampia 2.3. Breka ya ampia 20 itaziangalia ampia mbili zikipita kuanzia asubuhi hadi jioni na haitafanya chochote, huku bati la friji likiwa na umeme. Mtoto anakuja peku kutafuta maji baridi.

RCCB, ambayo mafundi wengi bado wanaiita ELCB, haihesabu mzigo. Inalinganisha umeme uliotoka kwa waya moto na uliorudi kwa nyutro. Viwili hivyo visipolingana kwa milliampia 30, yaani sehemu tatu za mia za ampia moja, inajua kuna unaopita njia nyingine, labda kwenye ethi, labda kwenye mwili wa mtu, na inakata kabla hujamaliza kupepesa jicho. Zile ampia 2.3 ambazo breka haikuziona, kwake ni mara sabini na zaidi ya kiasi cha kukatia. Kwa hiyo hata ethi dhaifu ya kiangazi inatosha kuiamsha. Ethi bila RCCB mahali pakavu ni nusu ya kazi. RCCB bila ethi itasubiri hadi mtu aguse ndipo ikate, na mimi sitaki isubiri mtu. Vitu vyote viwili vinahitajika, na kadiri nyumba zinavyoongeza shawa, majiko na pampu, ndivyo vyuma vya kuguswa vinavyoongezeka.

Fimbo ya ethi ichomekwe mahali penye unyevu, mimi napenda karibu na maji ya kuoga yanapomwagikia, na uipime kwa kifaa, usikisie. Ukimaliza kufunga, mwite mteja mbele ya bodi. Bonyeza kitufe kilichoandikwa T, taa zote zizime. Washa, kisha mwache yeye abonyeze mara ya pili kwa kidole chake. Mwambie arudie kila baada ya miezi mitatu. Na ile roli mrudishie aliyekuuzia, pamoja na kipande ulichokikwangua.